Soni na Ensoni: Wataalamu wa Kimataifa katika Nchi ya Wagusii

Apitaye leo kati ya mji wa Kisii na mji wa Nyamira huona migomba, mashamba ya chai na nyumba zilizosongamana hata miteremkoni. Si rahisi adhani kwamba maisha ya watoto wa vilima hivi yamo katika vitabu vinavyosomwa Harvard na London, wala kwamba kipimo cha watoto wachanga kilichobuniwa Marekani kilibidi kurekebishwa kwa sababu ya watoto waliozaliwa huku. Tangu miaka ya 1940 wamefika katika nchi ya Wagusii wataalamu wa elimu ya jamii, wa isimu, wa saikolojia na wa utabibu, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa watu wenye sifa kubwa kabisa katika fani zao. Sifa hizo zimekwisha kuandikwa na hazihitaji kupambwa upya. Linalostahili kuchunguzwa ni jambo ambalo wanahistoria wa sayansi hulipita kwa haraka: nadharia nyingi zilizotoka huku zilianzia katika neno la Kigusii, neno hilo likafasiriwa kwa Kiingereza, na fasiri ndiyo iliyosafiri duniani. Kiswahili, ambacho ni jamaa ya Kigusii na ndiyo lugha ya taifa ya Kenya, hakikushirikishwa katika safari hiyo, ijapokuwa mara nyingi kilikuwa na neno lililo karibu zaidi na lile la asili.

Wagusii ni Wabantu waliozungukwa na majirani wasemao lugha za Kinailoti: Waluo upande wa magharibi na kaskazini, Wakipsigis mashariki, Wamaasai kusini-mashariki. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu wa mwaka 1948, aliiweka lugha yao katika kanda E na kuipa alama E42, kati ya Kilogooli na Kikuria. Utawala wa Waingereza uliwafikia mwaka 1907, na eneo lao lote likatawaliwa ndani ya wilaya moja mpaka Nyamira ilipotengwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mipaka hiyo ya kiserikali haikuwahi kuwa mipaka ya lugha.

Wa kwanza wa kutajwa ni Philip Mayer, mzaliwa wa Berlin aliyekimbia utawala wa Wanazi, na ambaye baadaye alipata jina kubwa Afrika Kusini kwa uchunguzi wake wa Waxhosa katika mji wa East London. Kabla ya hayo, katika nusu ya pili ya miaka ya 1940, alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni ya Kenya, na kazi yake ilikuwa kwa Wagusii. Hapana haja ya kuficha kwamba serikali ilimtaka afichue mambo yatakayoisaidia kutawala: sheria za mahari, mipaka ya koo, namna majirani wanavyolima pamoja. Hata hivyo maandishi yake yalipita haja ya mwajiri wake. Kijitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu misingi ya ukoo, kile cha 1950 kuhusu mahari, na uchunguzi wake wa 1951 kuhusu ushirikiano katika kilimo, vingali vikisomwa ilhali nyaraka nyingi za watawala wa wakati ule zimekwisha kusahauliwa.

Ukiyasoma maandishi ya Mayer kwa jicho la mwanaisimu, unagundua kwamba sehemu kubwa yake ni ufafanuzi wa msamiati. Chukua neno egesaku. Wagusii hulitumia kwa baba na wanawe, hulitumia kwa ukoo mpana zaidi, na wanaweza kulitumia hata kwa Wagusii wote. Kwa Kiingereza ilibidi kila daraja lipewe jina lake, na mara moja kikaonekana kitu kilichofanana na ngazi iliyopangwa vipandio, kumbe lugha yenyewe haikuona vipandio bali umbo moja linalopanuka na kusinyaa kwa kadiri ya mahali msemaji anaposimama. Vivyo hivyo enyomba ni jengo, na tena ni uzao wa mama mmoja ndani ya mji wa mume mwenye wake kadhaa. Mswahili hashangazwi na hilo. Yeye mwenyewe husema fulani ni wa nyumba fulani au wa mlango fulani, na hakuna amdhaniaye kuwa anazungumza juu ya ujenzi.

Katika kilimo Mayer alitofautisha risaga, yaani kundi pana la majirani waitwao shambani kwa kazi na pombe, na egesangio, kundi dogo la watu wanaolimiana kwa zamu. Msikilizaji wa Kiswahili hakosi kusikia katika neno hili la pili kitenzi chetu changia. Mfanano wa sauti hautoshi kuwa ushahidi wa asili moja, lakini unatosha kuwa sababu ya kuchunguza.

Neno lililoleta matata zaidi ni ensoni, na wingi wake chinsoni. Ni utaratibu wa kujistahi kati ya watu wa vizazi vinavyofuatana, hasa mtu na wazazi wake, na zaidi ya wote mtu na wakwe zake: yale yasiyosemwa mbele yao, vitu visivyotazamwa, sehemu za nyumba zisizoingiwa. Katika Kiingereza neno hilo liligawanyika vipande viwili. Mara lilikuwa aibu, hisia ya moyoni ambayo ni mali ya mwanasaikolojia. Mara lilikuwa kuepukana, yaani desturi ya nje, ambayo ni mali ya mwanaantropolojia. Fani mbili zikagawana neno moja. Mswahili ana soni. Mtu huona soni mbele ya mkwewe, na katika usemi huo hisia na adabu havitengani. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili wa miaka ile angalimpa Mayer neno hilo bila ya kufungua kamusi, lakini vitabu vyake vilikusudiwa wasomaji wa London, nao hawakuwa na haja nalo.

Iona Mayer, mke wake, alikwenda mbali zaidi katika njia hii. Kitabu chake cha mwaka 1965 kinachunguza jambo moja tu, nalo ni maana ya matumizi ya istilahi za ujamaa kwa Wagusii. Wanaisimu wa Kiafrika wamezoea kumtaja mumewe na kumsahau yeye. Ni kosa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza swali lililo letu hasa: mtu anapomwita mwingine baba au mama ambaye hakumzaa, je, anatumia neno kwa mfano tu, au neno lenyewe ndilo linaloumba ujamaa huo?

Wilfred Whiteley anajulikana kwa wasomaji wa majarida ya Kiswahili kwa sababu nyingine. Alikuwa mtumishi wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mhariri wa jarida lake, kisha profesa mjini London, na kitabu chake cha 1969 kuhusu kukua kwa Kiswahili mpaka kuwa lugha ya taifa kimefundishwa katika vyuo vyetu kwa miaka mingi. Si wengi wanaokumbuka kwamba mtu huyohuyo aliandika utangulizi wa kujifunzia Kigusii, na mwaka 1960 akatoa uchunguzi wa njeo za lugha hiyo.

Kigusii kilimfaa mtu wa namna yake. Kitenzi chake huugawa wakati uliopita kwa umbali, ili jambo la leo lisichanganywe na la jana, wala la jana na la zamani. Na pamoja na viambishi, toni hufanya kazi ambayo katika Kiswahili sanifu haipo kabisa. Mtu aliyezoea -li- na -me- za Kiswahili hujikuta mbele ya mfumo ambao alama zetu mbili au tatu haziwezi kuufasiri pasipo kupoteza kitu. Whiteley alitambua kwamba jedwali la viambishi halitoshi, na kwamba njeo haijulikani mpaka izingatiwe katika usemi wa watu. Huenda uzoefu huo ndio uliomfanya awe mwangalifu sana baadaye alipoandika juu ya vitenzi vya Kiswahili, na pia aliposimamia uchunguzi wa matumizi ya lugha nchini Kenya. Kitabu cha uchunguzi huo kilitoka mwaka 1974, miaka miwili baada ya kifo chake.

Katika sauti pia Kigusii kilikuwa na la kuwafundisha wanaisimu. Sheria iliyopewa jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyekaa kwa Wanyamwezi, na iliyotangazwa na Carl Meinhof mwaka 1903, huonekana katika Kigusii waziwazi: konsonanti k ya kiambishi hugeuka g ikiwa silabi inayofuata ina konsonanti isiyo na mtetemo. Kwenda ni kogenda, lakini kufanya ni gokora. Wenyewe huiita lugha yao Ekegusii, kwa kuwa g hutetema, lakini ukoo ni egesaku, kwa kuwa s haitetemi. (Gikuyu nao wamo katika sheria hiyohiyo, ndiyo maana jina lao huandikwa kwa k na wageni na kwa g na wenyewe.) Kikombe cha Kiswahili kilipofika huku kiliitwa egekombe: msemaji alitambua ki- kuwa kiambishi cha ngeli, akakiondoa, akaweka cha kwake, na sheria ikafuatwa bila ya mtu kuamrishwa.

Wakati Whiteley akiendelea na kazi yake, mwaka 1955 aliwasili mwanafunzi wa Harvard aliyekuwa na umri wa miaka 23, Robert LeVine, pamoja na mkewe wa wakati ule, Barbara. Walikuwa sehemu ya mpango wa John na Beatrice Whiting wa kuchunguza malezi ya watoto katika jamii sita kwa wakati mmoja: Kenya, Mexico, Ufilipino, Okinawa, India na mji mmoja wa kaskazini-mashariki ya Marekani. Jamii ya Wagusii waliyokaa nayo mpaka 1957 inajulikana vitabuni kwa jina la Nyansongo. Ripoti yao ilitoka mwaka 1963 katika juzuu moja na zile nyingine tano, kisha peke yake mwaka 1966. Na mwaka 1975 akina Whiting walitoa ulinganisho wa mwenendo wa watoto wa jamii zote sita.

Matokeo ya ulinganisho huo yangefaa kujulikana zaidi na walimu wetu. Watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliojitokeza sana katika kuwasaidia wengine na kuchukua dhamana. Wale wa mji wa Marekani walikuwa upande wa pili, wakitafuta zaidi kutazamwa na kusaidiwa. Akina Whiting hawakulieleza jambo hilo kwa damu wala kwa hali ya hewa. Walilieleza kwa kazi: mtoto aliyepewa ng'ombe wa kuchunga na mdogo wake wa kubeba hujifunza kuwaangalia wengine kwa sababu kazi yenyewe haifanyiki vinginevyo.

Si kila kilichotoka katika ziara ile kiliwatendea Wagusii haki. Mwaka 1959 LeVine alichapisha katika jarida la wanaantropolojia wa Marekani makala kuhusu makosa ya kujamiiana na udhibiti wake katika jamii ya Wagusii, akitegemea pamoja na mengine takwimu za mahakama za kikoloni. Makala hayo yalinukuliwa kwa miongo mingi katika vitabu vya elimu ya jamii vya ng'ambo, mara nyingi na watu ambao hawakusoma kitu kingine chochote juu ya Wagusii. Takwimu za mahakama hupima mashtaka na juhudi za askari pamoja na kupima makosa. Na jamii iliyochunguzwa haikuwa na jarida la kujibia. LeVine mwenyewe aliendelea kurudi kwa miaka mingi, na maandishi yake ya baadaye yana upana ambao makala yale hayana. Lakini makala hufuata njia yake, haimngoji mwandishi wake akomae.

Kazi yake kubwa zaidi ilifanyika kati ya 1974 na 1976. Safari hii alikuja na Sarah LeVine, mwanaantropolojia aliyeandika baadaye kitabu cha maisha ya wanawake wa Kigusii, na kundi la madaktari na wanasaikolojia: T. Berry Brazelton wa Boston, Herbert Leiderman wa Stanford, Suzanne Dixon, Constance Keefer, Amy Richman na wengine. Walifuatilia watoto wachanga nyumbani kwao, wakaandika nani amembeba mtoto, nani amejibu kilio chake, nani amesema naye, na kwa kiasi gani. Kisha wakalinganisha na akina mama wa Boston. Kitabu chenye matokeo kamili kilitoka mwaka 1994.

Brazelton alikuja na kipimo chake cha mwenendo wa mtoto mchanga, kilichotoka mwaka 1973. Watoto wa Kigusii walionyesha uimara wa misuli na mwendo ambao kipimo hicho hakikuwa na nafasi nzuri ya kuuandika, na mwaka 1982 Keefer na wenzake walichapisha pendekezo la kukirekebisha. Tukio hili ni dogo, nalo lina uzito. Kwa kawaida ya wakati ule kipimo kilitoka ng'ambo na Mwafrika ndiye aliyepimwa. Hapa aliyepimwa alikisahihisha kipimo, akiwa na umri wa siku chache.

Juu ya usemi matokeo yalikuwa ya kushangaza zaidi kwa wasomaji wa Boston. Mama wa Kigusii alimweka mtoto karibu na mwili wake, akamnyonyesha na kukijibu kilio chake upesi, kuliko mama wa Marekani. Lakini hakumtazama machoni kwa muda mrefu wala kuzungumza naye sana. Kusema na asiyeweza kujibu hakukuwa na maana kwake. Mtoto alipokua, maneno aliyoyapata yalikuwa hasa maagizo. Na mama alipoombwa kumfundisha kazi ndogo, alimwonyesha na kumwagiza, pasipo maswali na sifa alizozitoa mama wa Boston kila hatua. LeVine alieleza kwamba kila mama alikuwa na shabaha yake: mmoja kumhifadhi mtoto aishi, katika nchi ambamo watoto wengi walikufa kabla ya kutembea, wa pili kumfunza mapema, katika nchi ambamo kufa kwa mtoto kulikuwa nadra.

Miaka ileile LeVine alipokuwa akijiandaa kuja Kisii kwa mara ya kwanza, yaani 1954 na 1955, Mary Ainsworth alikuwa akiwatazama akina mama wa Kiganda na watoto wao, na kitabu alichokitoa mwaka 1967 kilikuwa nguzo ya nadharia inayofanya mwitikio wa mama kuwa msingi wa usalama wa mtoto. Afrika Mashariki kwa hiyo ilizaa nadharia na pingamizi lake. Kitu kimoja ambacho Wagusii wanakiongeza ni neno omoreri. Huyo ni mtoto mkubwa kidogo, dada au kaka au jamaa, apewaye mdogo ambebe mchana kutwa. Kiingereza kilimwita yaya mtoto, na kwa jina hilo akaonekana kama mtumishi wa muda, pengo la mama. Kiswahili kina mlezi, neno la shina lilelile, na hakuna asemaye kwamba mlezi ni pengo la mtu.

Hapa mwanaisimu ana neno la kusema. Mtoto wa Kigusii ambaye mama yake hakuzungumza naye sana alijifunza njeo zile zote zilizomchosha Whiteley, na toni zake, na sheria ya Dahl, na kujua ni neno gani halisemwi mbele ya nani. Hakuzipata katika mazungumzo ya uso kwa uso na mama. Alizipata mgongoni mwa omoreri na uani kati ya watoto wenzake, akisikia watu wakisemezana. Nadharia zinazopima kukua kwa lugha kwa kuhesabu maneno ambayo mzazi humwelekezea mtoto bado hazijatoa hesabu ya kutosha ya mgongo huo. Hata usemi wa lugha ya mama, tuutumiao kila siku katika sera za elimu, unataka kuangaliwa upya mbele ya ushahidi huu.

Madaktari wa upasuaji nao walikuja kwa jambo lao. Wagusii walijulikana kwa kufungua fuvu la kichwa cha mtu aliyepata jeraha na kubakiwa na maumivu yasiyokoma, na Edward Margetts, tabibu wa akili kutoka Kanada aliyefanya kazi hospitali ya Mathari mjini Nairobi katika miaka ya 1950, aliichunguza kazi hiyo na kuichapisha mwaka 1967. Mpasuaji huyo huitwa omobari. Yeye si omoragori, ambaye hupiga ramli na kutafuta chanzo cha balaa. Wagusii hawachanganyi kazi hizo mbili, kama Waingereza wasivyomchanganya daktari na kasisi. Lakini maandishi ya wageni yaliwaweka wote chini ya jina moja la waganga wa jadi, na anwani ya Margetts iliongeza neno la kuwaita watu wasiostaarabika. Elimu aliyoisifu ndani ya makala aliidunisha jaladani.

Wanahistoria walifuata baadaye: William Ochieng' mwaka 1974 kwa historia ya kabla ya ukoloni, Robert Maxon mwaka 1989 kwa miaka ya ukoloni, kisha Maxon pamoja na John Akama mwaka 2006 kwa kitabu cha mila na desturi. Kwa Kiingereza vyote.

Kazi ya isimu imeendelea kwa utulivu. Lee Bickmore alichapisha mwaka 1997 na 1999 makala mbili kuhusu kuenea kwa toni ya juu katika Kigusii, ya pili ikiisahihisha ya kwanza kwa nadharia mpya. Jelle Cammenga alitoa mwaka 2002 kitabu cha fonolojia na mofolojia. Carlos Nash akaandika mwaka 2011 tasnifu nzima juu ya toni za nomino na vitenzi. Mwaka 2013 Kennedy Bosire na Gladys Machogu, wasemaji wenyewe, walitoa kamusi ya Kigusii na Kiingereza. Lugha ina irabu 7 na tahajia ya kawaida ina herufi 5 za kuziandikia, wala toni haiwekewi alama. Neno ensoni, ambalo wanaantropolojia wamelinukuu tangu siku za Mayer, lingali likiandikwa hivyo: herufi zake e na o hazimwambii msomaji ni irabu ipi kati ya mbili, na sauti ipande wapi au ishuke wapi lazima amwulize msemaji.